Theluthi ya Kitanda

Mtu akifa tunajua la kufanya na mwili wake. Nguo zake tunagawa, madeni yake tunayatangaza palepale makaburini, shamba lake tunaligombea. Lakini kitanda chake? Nauliza kwa dhati, msomaji, sitanii. Kitanda alichozalia watoto, akakiugulia, akakifia: kiachwe kama kilivyo mpaka kioze, au kikatwe kiwe kitu kingine ambacho walio hai wanakihitaji? Na kama ni kukatwa, nani mwenye kauli ya kusema "kata"?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Limezuka nyumbani kwetu Dindira, kule juu milimani wilayani Korogwe, kwenye ukungu na mashamba ya chai, na limezuka kwa sababu ya meza ya jikoni. Mtacheka. Lakini nyumba yetu ilikaa karibu miezi sita bila raha kwa ajili ya meza hiyo. Ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanapigiana simu kwa salamu tu, na mimi ninayejidai mwandishi wa riwaya (riwaya yenyewe iko sura ya nne tangu mwaka juzi) nikajikuta nakesha nikiwaza vitanda.

Nianze na meza. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikaa miaka miwili Keko, Dar es Salaam, nikimsaidia fundi seremala. Anayeifahamu Keko anajua: makochi barabarani, vumbi la mbao puani, na mteja anayetaka kitu cha kwenye picha kwa bei ya kwenye ndoto. Siku moja tulipeleka makabati kwenye nyumba moja Mbezi Beach. Jikoni mwao, katikati kabisa, palisimama kitu kama kaunta ya duka iliyoachana na ukuta: juu bapa, chini droo na rafu, unaizunguka pande zote. Mwenye nyumba alikuwa anakata vitunguu amesimama wima, na watoto wake wamekaa upande wa pili kwenye stuli ndefu wanamaliza hesabu za shule. Wenyewe wanakiita kisiwa cha jikoni.

Nilipomsimulia mama alicheka. "Kisiwa? Cha Pemba au cha Mafia?" Nikamwambia maana yake ni kwamba mtu anakata, anakanda, anapakua, na haminyi mgongo wake hata mara moja. Hapo akaacha kucheka.

Mama yangu mgongo umekwisha. Jikoni kwetu kazi zote ziko chini. Mboga anakata amekaa kwenye kigoda, nazi anaikuna juu ya mbuzi, unga anaukanda kwenye sinia lililo sakafuni, na kila baada ya muda mfupi ainuke afuate chumvi, akae, ainuke tena afuate kuni. Zahanati walimwambia apunguze kuinama. Ni sawa na kumwambia samaki apunguze kulowa.

Kuna watakaosema kisiwa cha jikoni ni mambo ya kizungu. Mimi sikubali. Mafiga matatu yalikaa wapi siku zote? Katikati. Watu waliuzunguka moto, na mpishi aliwatazama watu usoni. Kilichokuja na ugeni ni lile sinki na kaunta ya ukutani inayomfanya mpishi aupe ukuta uso na watu mgongo, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Kisiwa ni mafiga yaliyoota miguu, basi. Lakini tuyaache hayo.

Mbao tungezitoa wapi? Zile za unga uliogandishwa kwa gundi, ambazo Keko tunapigia makabati ya kung'aa, ukizipandisha Dindira ukungu unaziumua kama andazi. Mbao za misindano zipo, ila hela haikuwepo. Mbao nzuri za huku kwetu zilikuwa za mkulo, mti ambao hata jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yetu ya Usambara. Mkulo unakua polepole mno, na wapasuaji mbao waliukata kwa haraka mno. Iliyobaki, wingi wake imo kwenye misitu ya hifadhi, na ukionekana na msumeno humo utaeleza vizuri.

Ila mkulo mmoja ulikuwa ndani ya nyumba yetu, chumba cha uani. Ulikuwa umesimama kwa miguu minne. Kitanda cha bibi.

Nikieleze, maana kilikuwa kitanda hasa. Matendegu manene kama mapaja ya mtu mzima, mifumbati ya ubao mmoja mmoja bila kiungo, chaga nzito, na kitakizo cha kichwani kilichochongwa maua mawili na nyota katikati. Hakuna msumari hata mmoja. Aliyekitengeneza alichonga ulimi kwa patasi, akachonga tundu lake, akavishikisha. Babu alikinunua alipokuwa kibarua wa chai. Bibi alizalia juu yake, akamuuguzia babu juu yake, akaugua mwenyewe juu yake muda mrefu, akafariki. Tangu siku hiyo kilikaa miaka miwili bila godoro kikibeba gunia la mahindi, miavuli mibovu, na kabati la vyombo lililokwisha milango.

Mimi ndiye niliyesema. Matendegu yawe miguu ya meza, mifumbati iwe fremu, chaga na rafu za kabati ziwe uso wa meza, watoto wa meza wawili watoke kwenye ubavu wa kabati. Mama hakutamka lolote. Baba akasema, "Mpaka dada aje."

Dada yake, yaani shangazi yangu, anakaa Ngamiani, Tanga mjini. Alipopigiwa simu alisema maneno machache: "Kitanda cha mama hakikatwi."

Sasa, msomaji, usikimbilie kumhukumu shangazi. Sisi vijana tuna tabia hiyo: mzee akikataa jambo tunasema hajaelimika. Shangazi alikuwa na hoja, tena hoja nzito. Ya kwanza ni ya sheria. Sisi ni Waislamu, na mirathi kwetu inakwenda kwa faraidhi. Bibi ameacha watoto wawili tu, wa kiume na wa kike. Wa kiume anachukua sehemu mbili, wa kike moja. Kwa hiyo theluthi ya kitanda kile ni mali ya shangazi, na huwezi kukata mali ya mtu kwa sababu wewe ndiye unayekaa nayo. Baba alitaka amlipe thamani ya theluthi. Shangazi akajibu kwamba hauzi mahali alipozaliwa. Sasa gawa! Shamba unapima kwa hatua, ng'ombe unauza mkagawana hela. Theluthi ya kitanda ni ipi? Tendegu moja na theluthi ya tendegu?

Na mama, aliyemlisha bibi kwa kijiko, akamgeuza usiku na mchana asipate vidonda, akafua mashuka kwa maji ya baridi ya Dindira? Mkwe harithi. Hana hata ukucha wa kitanda kile. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sheria inajua nani ni damu ya nani, wala sina ugomvi nayo, ina hekima yake. Lakini kuna deni ambalo halimo kwenye hesabu zake, na sikujua niliandike wapi.

Nikakimbilia methali, kama tulivyofundishwa shuleni. Methali hazikunisaidia. Moja inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, mbachao ni mkeka wako uliochakaa, usiutupe. Lakini haisemi kama unaruhusiwa kuukata ukashonea kikapu! Nyingine inasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiyo sijui kama inasifu au inasuta.

Kugeuza vitu si jambo geni kwetu. Tairi la lori linakuwa katambuga, mkebe unakuwa koroboi, pipa la mafuta linakuwa jiko la mkaa. Hakuna anayelia. Kwa nini kitanda kinaliza? Kwa sababu hakuna mtu aliyefia juu ya tairi tukamfumba macho. Kwa hiyo swali letu si la uchumi, wala si la mazingira kama wanavyopenda kulipeleka wenye semina. Swali ni kama maisha ya mtu yanaweza kuingia kwenye mbao, na yakishaingia, yanakaa wapi: kwenye mbao zenyewe au kwenye umbo?

Wagiriki walilipigia kelele hili zamani. Plutarch ameandika kwamba watu wa Athens waliitunza meli ya shujaa wao Theseus. Ubao ukioza wanatoa, wanaweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama ile bado ni meli yake. Kisa hicho wengi wanakijua, na babu zetu nao wana jembe lililobadilishwa mpini mara tatu. Kuna nyongeza ambayo husimuliwa kwa nadra. Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliuliza: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu zilizotolewa, akaziunga upya kwa mpangilio uleule, si tungekuwa na meli mbili? Ipi ya Theseus?

Nilipokisoma hicho nilifurahi, kisha nikaona hakinifikishi. Meli ya kwanza ina umbo la zamani na mbao mpya. Ya pili ina umbo la zamani na mbao za zamani. Kitanda cha bibi kingekuwa kitu cha tatu: mbao za zamani, umbo jipya. Hilo hawakulisema. Labda kwa sababu mama zao hawakuwa wanaumwa mgongo.

Serikali nayo, nikitazama, imechagua umbo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mwenye mlango wa namna hiyo, tuseme Pangani au Bagamoyo, haufanyi atakavyo. Naiunga mkono sheria hiyo. Nimewahi kuona mlango wa kuchongwa umelazwa, umewekewa kioo juu, watu wanaweka chupa za bia. Kilichoniudhi ni kwamba kwenye meza ile hapakuwa na dalili ya nyumba ulikotoka wala ya mtu aliyeupitia. Ulinunuliwa ili mwenye hela aonekane ana historia. Historia ya nani?

Lakini upande wa pili kuna kile kiti cha Msumbiji. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1992, nchi ilijaa bunduki. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Makanisa wakaanzisha mpango: lete silaha, upewe jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakapewa vipande. Mwaka 2001 msanii aitwaye Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, akaunga kiti cha enzi kwa vipande hivyo. Leo kiko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Nimekiona pichani tu. Mtutu unauona ni mtutu, kitako cha bunduki unakiona ni kitako, wala hakuna aliyepaka rangi kuficha. Umbo limevunjwa na kumbukumbu imebaki. Angeziyeyusha bunduki zile akatoa kiti cha chuma safi, tungesema kiti kizuri, tukapita.

Hapo nikaanza kuona njia. Mlango wa chini ya chupa na kiti cha Kester vyote vimegeuzwa. Mmoja umegeuzwa ukasahaulishwa, kingine kimegeuzwa kikasema zaidi. Na sisi tunaoandika tunalijua hili, au tulijue. Mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi, mashairi bila vina na mizani, wakubwa wa ushairi walimkalia kooni: amevunja nyumba ya wazee. Lakini mbao zake zilitoka wapi kama si kwenye lugha ileile? Kila mmoja wetu akikaa kuandika anavunja kitanda cha mtu. Ngano alizonisimulia bibi nazikata kila usiku, natoa sungura naweka kondakta wa daladala. Sijamwomba mtu ruhusa.

Mbao ni tofauti kidogo, najua. Ngano ukiikata, ya bibi inabaki nzima. Kitanda ukikikata kimekatika. Ndiyo maana baba alisema "mpaka dada aje", nami nikanyamaza ingawa randa ilikuwa tayari imenolewa. Ningeweza kumaliza kazi kwa siku nne kabla hajafika. Nilifikiri: hata kama shangazi hana haki ya kuzuia, ana haki ya kuwepo.

Alikuja baada ya miezi mitano, wiki ya Idi. Akaingia chumba cha uani, akashusha gunia na miavuli mwenyewe, akatandika godoro, akalala kitandani pale usiku ule peke yake. Hakuna aliyemwuliza kitu. Asubuhi alikwenda jikoni kabla hatujaamka. Alimkuta mama kwenye kigoda anakanda unga wa maandazi. Mama alipotaka kuinuka amsalimie akashindwa, akashika ukuta, akajivuta mkono kwa mkono kama mtu anayetoka kisimani.

"Wifi," shangazi akasema, "tangu lini?"

Kumbe kila Idi mama hujikaza. Mgeni anakuja siku tatu, unaficha maumivu siku tatu. Shangazi alikuwa anatetea nyumba ambayo ndani yake hamkuwa na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa alikuwa hodari wa kujificha. Nami hapa natoa maoni yangu wazi, mtu akipenda anipinge: anayekikumbuka kitu kutoka mbali ana haki, lakini haki yake ni ndogo kuliko ya anayekizunguka kila siku na fagio. Shangazi hakubadili mawazo kwa ajili ya Hobbes wala Kester. Aliona mkono ukutani.

Akatoka akamwambia baba, "Kateni. Kitakizo cha kichwani msikiguse. Hicho changu."

Tulianza siku hiyohiyo, mimi na fundi mmoja wa pale kijijini. Kukifungua kitanda kisicho na misumari si mchezo. Ndimi zilikuwa zimeshikana na matundu yake miaka yote ile, zilitoka kwa nyundo ya mti na bismillahi. Mfumbati mmoja ulikuwa umeliwa kwa ndani, ukiugonga unatoa unga, tukakata kipande kizima tukatupa kingine. Kisha nikapiga randa. Ganda jeusi la moshi na mikono ya watu likaondoka, na ukatoka ule mti wenyewe, na harufu yake.

Mkulo unanukia kafuri. Nilikuwa nimesahau. Wasomaji Waislamu wanajua kafuri ni harufu ya nini kwetu: ni ya maji ya mwisho ya kumwoshea maiti. Chumba kizima kilinukia siku ile ya bibi. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, "Mnamzika mara ya pili," akatoka nje, akakaa chini ya migomba mpaka jioni. Mama alimfuata. Sijui walizungumza nini.

Matendegu yalikuwa mafupi, na meza ya kusimamia inataka kama sentimita 90. Tukayaunga kwa vipande vya mgrevilea, mti wa rangi ya hudhurungi hafifu, kwa hiyo kila mguu una mpaka kama soksi. Fundi alitaka kupaka vanishi nzito rangi ifanane. Mama akakataa: "Acha ionekane palipoungwa." Sikumfundisha mimi. Uso wa meza una matundu ya zamani ya chaga, tumeyaziba kwa vigingi, na ukitazama vizuri unaweza kuhesabu chaga za bibi zilikuwa ngapi. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye bibi alifariki yeye akiwa anajifunza kutembea, anafanyia hapo kazi za shule na ameshauliza vile vigingi ni vya nini. Mama alimjibu huku anakata sukumawiki, amesimama. Maelezo yalichukua muda wote wa kuiva ugali.

Mgongo haujapona, ila sasa anainuka bila ukuta. Shangazi alipokuja Idi iliyofuata aliwekea chai yake juu ya meza hiyo, akapapasa mguu mmoja kwa chini, kwenye tendegu lenyewe, si kwenye mgrevilea. Hakusema kitu.

Kitakizo bado kiko darini, kimefungwa kwenye mkeka. Alisema atatuma mtu akichukue, hajatuma. Nyumba yake Ngamiani ni vyumba viwili na wapangaji, sijui atakiweka wapi. Mama ameanza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba ubao ule ungefaa rafu ya vikombe. Baba anasema kaa nao mbali. Mimi nimeupima kwa macho ya ufundi: kwa uzito wa mbao haufiki hata sehemu ya kumi ya kitanda, sembuse theluthi. Shangazi anasema ametosheka. Baba anasema hajatosheka, anaona tu haya kudai kilichobaki kwa wifi yake, na ameanza kuweka pembeni hela kidogo kidogo ambayo shangazi alishasema haitaki.